Saruji na Chokaa: Maneno ya Waashi na Ujenzi wa Kesho

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala hii aliletewa tafsiri ya mwongozo wa kukarabati nyumba kongwe za mawe, aisome kabla haijapigwa chapa. Mwongozo wenyewe, ulioandikwa kwa Kiingereza, ulitaja vitu vitatu mbalimbali: chokaa iliyochanganywa na mchanga ili kujengea, unga wa kiwandani unaouzwa kwa mifuko, na zege. Mfasiri, ambaye sarufi yake haikuwa na dosari, aliviita vyote vitatu "saruji". Sentensi moja ya mwongozo ilikuwa onyo kwamba unga wa kiwandani usitumiwe katika kuta zilizojengwa kwa chokaa. Katika tafsiri, onyo hilo lilimkataza fundi kutia saruji katika kuta za saruji, na sentensi iliyofuata ikamwagiza apake saruji.

Kosa hilo lilisahihishwa kabla halijamfikia fundi. Hata hivyo halikuwa kosa la mfasiri peke yake. Alilikuta neno moja limekwisha kubeba mzigo wa maneno manne, naye akalitumia kama walivyolitumia wengi kabla yake. Makala hii inakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, na kuonyesha kwamba historia ya maneno ya ujenzi katika pwani yetu yahusu moja kwa moja majengo tunayotaka kuyajenga leo: majengo yanayofuata hekima ya wazee na yasiyoharibu nchi watakayoirithi watoto wetu.

Mwashi na kazi ya kuaka

Kiswahili cha zamani kilikuwa na vitenzi viwili palipo na kimoja leo. Kujenga kulihusu nyumba yoyote. Kuaka kulihusu kujenga kwa mawe na chokaa. Kutokana na kitenzi hicho cha pili likapatikana jina mwashi, yaani mtu anayeaka, kama mpishi alivyotokana na kupika. Leo mwashi angali akijulikana, lakini kitenzi chake kimesahauliwa, na vijana wengi hawajui jina hilo lilizaliwa wapi.

Kazi ya mwashi ni ya kale. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate, na Mark Horton katika miaka ya 1980, ulifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale. Ile ya mwanzo, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Kufikia karne ya 10 watu wa hapo walikuwa wakijenga kwa matumbawe. Kilwa Kisiwani msikiti mkuu ulianzishwa katika karne ya 11 na kupanuliwa katika karne ya 14, wakati Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipojenga pia jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mji wa pwani ulikuwa wa mawe mtupu. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa uzuri wake na kuueleza kuwa umejengwa kwa mbao. Nyumba za miti na udongo zilikuwako sikuzote kando ya nyumba za mawe, nazo zilikuwa na msamiati wake kamili. Kukandika ni kujaza udongo katika kiunzi cha miti na fito. Kutomea ni kuziba mianya kwa vijiwe na udongo. Kusiriba ni kupaka tabaka la mwisho na kulilainisha. Kombamoyo ni mti mwembamba wa kuezekea, na mwamba ni mti unaolazwa kubeba paa. Anayesema leo "kupiga lipu" kwa kazi hizo zote amepoteza hatua tatu za ufundi kwa mkupuo mmoja.

Mawe ya mwashi nayo hayakuwa ya namna moja. Kuta aliziaka kwa mawe magumu yaliyochimbwa nchi kavu, ambayo asili yake ni matumbawe ya zamani yaliyogeuka jabali. Kwa mihrabu, vizingiti na nakshi alitaka matumbawe laini yaliyokatwa baharini, kwani hayo huchongeka yangali mabichi na hukauka yakawa magumu. Chokaa aliipata kwa kuchoma mawe hayo hayo. Magogo yalipangwa kwa duara, mawe yakarundikwa juu, na lundo lote likawashwa moto. Hiyo ndiyo tanuu, au tanuri ya chokaa. Chokaa iliyotoka motoni ilizimwa kwa maji, kisha ikaachwa shimoni kwa muda mrefu ili ikomae. Kwa kujengea ilichanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Kwa kumalizia ilichujwa ikawa laini na nyeupe, nayo iliitwa niru.

Dari na sakafu zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, nao kwa kawaida haukuzidi mita 3 kwa wingi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti yalipangwa mawe bapa, kisha kokoto na chokaa, na watu wakasimama kwa safu kulipigilia tabaka hilo kwa vigongo huku wakiimba, mpaka likashikana. Neno sakafu lilichukua maana yake katika kazi hiyo ya kupigilia. Hata wakataji wa miti walikuwa na istilahi zilizopangika: fito, pau, boriti, nguzo na banaa ni majina ya mikoko kwa kadiri ya unene wake, kuanzia mwembamba hadi mnene. Hakuna kamati iliyokaa kuyasanifu majina hayo. Yalisanifiwa na biashara, kwani mnunuzi na muuzaji walihitaji kuelewana juu ya kila mti.

Nyumba inayosema na upepo

Majina ya sehemu za nyumba nayo yana elimu ndani yake. Katika nyumba ya mawe ya Lamu, mgeni hufikia kwanza daka, yaani kibaraza cha mlangoni. Kisha hupita tekani na kufika kiwandani, ambako jua na mvua huingia. Kutoka hapo hufuata misana, yaani vyumba virefu vilivyo wazi upande wa kiwanda, kisha ndani, ambako kuta hupambwa kwa zidaka. Pengine chumba cha juu huvuka njia na kukaa juu ya nyumba mbili. Hicho ni wikio, na kivuli chake humfaa kila apitaye chini.

Mpango huo ulikuwa na faida za adabu na faragha, nao ulikuwa pia na faida ya ubaridi. Kuta nene hupokea joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku. Kiwanda hupandisha hewa ya moto na kuvuta hewa ya njiani, ambayo imepoa kwa sababu njia ni nyembamba na nyumba za pande mbili zaitia kivuli. Chokaa hupumua: unyevu ulioingia ukutani hupata njia ya kutoka. Leo wasanifu majengo hulipa fedha nyingi ili kupata kwa hesabu na mitambo mambo ambayo mwashi wa Lamu aliyapata kwa mazoea ya vizazi.

Hapa mfasiri aangalie neno kiwanda. Katika Kiamu, kiwanda chalingana na kiwanja cha Kiunguja, kama ndia ilivyo njia na ndoo ilivyo njoo. Msomaji asiyejua hayo, akiona imeandikwa kwamba wanawake walikaa kiwandani jioni, atadhani walikuwa kazini katika karakana. Kamusi ambayo haitaji maana hiyo ya Kiamu yamnyima mwanafunzi ufunguo wa nyumba nzima.

Kuja kwa saruji

Neno saruji ni la kale kuliko kitu tunachokiita kwa jina hilo leo. Asili yake ni Kiajemi, *sārūj*, nalo lilikuwa jina la mchanganyiko wa chokaa, udongo na majivu, uliotumiwa mahali palipohitaji kuzuia maji kama vile mahodhi na mifereji. Huko Omani neno hilo hilo lilitumiwa kwa mchanganyiko uliopatikana kwa kuchoma udongo, nao ndio uliozijenga na kuzikarabati aflaji, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba. Kwa ufupi, saruji ya asili ilikuwa jamaa ya chokaa.

Unga wa kisasa una historia nyingine. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds huko Uingereza, alipewa hataza ya unga alioupa jina la Portland kwa sababu ulipokauka ulifanana na mawe ya huko. Unga huo ulipofika pwani yetu kwa meli, watu waliuita udongo ulaya, na wengine simenti au simiti. Hatimaye jina la saruji ndilo lililoshinda katika maandishi sanifu. Ushindi huo ulikuwa na sababu njema: neno lilikuwa limekwisha kuzoea sauti za Kiswahili, na halikudai kukopa tena. Lakini jina lilipohama kutoka kitu hadi kitu, kumbukumbu ya kile cha kwanza ilifutika.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Tangu hapo saruji ikawa ishara ya maendeleo, na udongo ukawa ishara ya umaskini. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hilo. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, aliwalaumu watu waliokuwa wakingoja bati na saruji hali wana udongo wa kuchomea matofali na vigae, akaikejeli saruji kuwa ni udongo wa Ulaya tu. Kejeli yake ilikuwa sahihi pia kwa upande wa lugha, kwa kuwa jina la udongo ulaya lilisema waziwazi kile ambacho jina la saruji lilikificha.

Gharama ya kuchanganya majina

Madhara ya mchanganyiko huo yaonekana ukutani. Saruji ya kisasa ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi. Ikipakwa juu ya ukuta wa mawe na chokaa, unyevu unaopanda kutoka ardhini hufungiwa ndani. Chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, mawe huanza kumong'onyoka, na vichwa vya boriti vilivyozamishwa ukutani huoza pasipo kuonekana. Mwenye nyumba huona lipu imepasuka, humwita fundi, na fundi huongeza saruji. Kwa hiyo pale hati ya zabuni inaposema "saruji" huku mtaalamu alikusudia chokaa, karani aliyeiandika ameshiriki kuibomoa nyumba ambayo serikali inagharimia kuihifadhi.

Iko na gharama ya pili, ambayo wazee hawakuijua. Chokaa huchomwa katika joto la kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi, na klinka ya saruji ya Portland katika nyuzi 1,450 hivi. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ya ukaa, mbali na ile inayotokana na kuni au makaa. Chokaa iliyojengewa huivuta tena sehemu kubwa ya hewa hiyo kadiri inavyokauka. Saruji hufanya hivyo kwa kiasi kidogo na kwa polepole mno. Uzalishaji wa saruji duniani wakadiriwa kutoa kiasi cha asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Haifai, hata hivyo, kuwasifu wazee kupita kiasi. Tanuu zilikula magogo mengi, matumbawe yalivunjwa baharini yangali hai, na mikoko ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya miji yetu na ya Ghuba. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982. Ikiwa kila nyumba mpya ya pwani ingejengwa leo kama ya Lamu ya karne ya 18, miamba na mikoko isingebaki. Tunachopaswa kurithi ni kanuni zao: ukuta unaopumua, kivuli, hewa inayopita, vifaa vya karibu, na jengo linaloweza kutengenezwa na fundi wa mtaani.

Majengo mapya na saruji iliyorudi

Wako waliokwisha kuzifuata kanuni za namna hiyo kwa vifaa vya kisasa. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliezekwa kwa miamvuli mikubwa ya zege inayokumbusha soko la chini ya miti. Miamvuli hiyo hupitisha hewa na kukusanya maji ya mvua. Soko hilo liliungua Julai 2021 na kufanyiwa ukarabati. Mwaka huo huo wa 2021, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, yalikamilika majengo ya chuo yaliyosanifiwa na Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Gando nchini Burkina Faso. Minara yake yafuata umbo na kazi ya kichuguu: hewa ya moto hupanda na kutoka juu, na hewa baridi huingia chini. Nchini Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeeneza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo bila kuchomwa.

La ajabu zaidi ni habari inayotoka maabara. Watafiti wa Lausanne, Uswisi, pamoja na wenzao wa Kuba na India, wamebuni saruji ambayo karibu nusu ya klinka yake imebadilishwa kwa udongo uliochomwa na unga wa mawe ya chokaa. Udongo huo huchomwa kwa joto dogo, kati ya nyuzi 700 na 850, na hewa ya ukaa hupungua kwa kiasi kinachoweza kufikia asilimia 40. Msomaji aliyetufuata tangu mwanzo atatambua kwamba udongo uliochomwa pamoja na chokaa ni jamaa wa karibu wa kile kilichoitwa *sārūj* na waliotupatia neno hilo. Kitu kimeanza kulirudia jina lake. Je, mfasiri atakayepewa ripoti hiyo atakuwa na maneno ya kuieleza, iwapo kwake kila kitu cha kijivu ni saruji?

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, makala hii yapendekeza mambo yafuatayo:

1. Neno saruji lisisimame peke yake katika maandishi ya kitaalamu. Iandikwe saruji ya Portland, au saruji ya udongo wa kuchoma, kwa kadiri ya kitu kinachotajwa. Zege libaki kuwa mchanganyiko wenye kokoto.

2. Chokaa itofautishwe kwa kazi yake: chokaa ya kujengea, chokaa ya lipu, na niru kwa ile laini ya kumalizia.

3. Kitenzi kuaka kirudishwe katika mafunzo ya ufundi kwa maana yake ya asili, ili mwashi apate tena kitenzi chake, na fundi wa ukarabati ajue kwamba kazi yake ina jina.

4. Vitenzi kukandika, kutomea na kusiriba vitumiwe kila kimoja mahali pake katika miongozo ya nyumba za udongo, za kale na za kisasa.

5. Istilahi za nyumba za Lamu, Pate, Unguja, Pemba na Kilwa zikusanywe kutoka kwa mafundi wenyewe, pamoja na lahaja zilizozizaa, kabla ya wazee wanaozijua kutoweka.

6. Neno endelevu, lililoenea sana baada ya Ripoti ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987, lisitumiwe kama pambo. Anayeandika "jengo endelevu" aeleze ni kitu gani kinachoendelea: je, ni ubaridi bila umeme, ni maji ya mvua, au ni ukuta unaoweza kutengenezwa?

Hitimisho

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba kazi ya kutenga chokaa na saruji ni ya wahandisi, na kwamba mwanalugha angejishughulisha na mambo mengine. Lakini mhandisi huandika kwa lugha, mwalimu wa ufundi hufundisha kwa lugha, na hati ya zabuni husomwa na fundi kwa lugha. Kosa la mfasiri wetu lilikuwa la neno moja, na neno hilo lingetosha kuangusha ukuta. Neno sanifu lilelile tunalolitumia tunaposema Kiswahili sanifu ndilo tunalolitumia tunaposema usanifu majengo, na katika kazi zote mbili mtu huchagua, hupima, na hupanga kila kitu mahali pake ili kishikane na jirani yake. Mwashi wa zamani hakuweka jiwe asilolijua. Nasi yatupasa tusiweke neno mpaka tujue limebeba nini.